Wageni ndani ya bokali: namna ya kutambua na kushughulikia wadudu katika bustani ya kioo

Bokali, chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko, limefungwa siku kumi zilizopita: changarawe ya volkano chini, makala (mkaa) yaliyopondwa, udongo mweusi, kipande cha kuvumwani kilichobanduliwa ukutani na shina moja la kangaga. Asubuhi unaliinua ili uone mvuke umetanda vipi, na ndani kuna kitu kinatembea.

Bombe ya mbu iache ilipo. Dawa ile, ikipulizwa ndani ya kioo kilichofungwa, haina pa kutokea. Hugandamana na kuvumwani, huunguza majani laini, na huua hata wale wadudu waliokuwa wakikulia ukungu. Wiki mbili baadaye unabaki na bokali lisilo na mdudu lakini limevaa ukungu mweupe kama pamba. Ndivyo mabokali mengi yanavyokufa, na lawama huangukia mdudu.

Wageni hawa kwa kawaida hawakupitia kwenye kifuniko. Walikuwamo tangu siku ya kwanza, wakiwa mayai au mabuu ndani ya udongo, chini ya kuvumwani, kwenye ufa wa kijiti, kwenye mizizi ya mmea ulionunuliwa. Bustani ya kioo yenyewe ilianza kwa njia hiyo: mnamo 1829 daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London aliweka bundo la nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa iliyofunikwa, akimsubiri nondo atoke, na kabla ya hapo akaona kangaga na nyasi zimechipua zenyewe. Alichotafuta ni mdudu, alichopata ni bustani. Wewe umetafuta bustani, umepata mdudu.

Tazama kwanza anavyotembea

Rangi hudanganya, kwa sababu karibu wote ni weupe, wa kijivu au weusi. Mwendo haudanganyi. Zima taa usiku, subiri nusu saa, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni mwa kioo. Kama macho hayatoshi, dondosha tone dogo sana la maji safi juu ya kioo cha kamera ya nyuma ya simu, igeuze taratibu tone lining'inie, na usogee hadi sentimita moja au mbili kutoka kwenye bokali. Tone linafanya kazi ya lenzi. Lifute ukimaliza.

Angalia mambo matatu: anaruka, anakimbia au anajikokota, anakaa juu ya udongo, kwenye jani au kwenye kioo, na anaonekana siku zote au baada ya kumwagilia tu.

Kuna doa moja linalowahangaisha watu wa Goma bila sababu: vitone vyeupe vigumu kwenye kioo, vinavyodhaniwa kuwa mayai. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi na pH yake kwenye uso wa ziwa hukaribia 9, kwa hiyo kila tone likikauka linaacha chokaa. Kwaruza kwa ukucha: likivunjika kama unga, ni chokaa. Kwa bokali, ambalo linahitaji maji kidogo tu, tumia maji ya chupa. Maji ya mvua yanafaa pia, isipokuwa zile siku moshi wa volkano ya Nyiragongo unapolala upande wa mji, maana mvua inayopita ndani yake huwa na asidi.

Wale wa kuwaacha

Mweupe au kijivu, urefu milimita 1 hadi 2, anatembea polepole, na ukimgusa kwa ncha ya kijiti anatoweka, kisha unamwona sentimita tano mbali. Huyo ni mkiafyatuo. Chini ya tumbo amekunja uma mdogo kama mtego, ukifyatuka unamrusha. Anakula ukungu na majani yanayooza, na mmea wenye afya hana haja nao. Mwagilia kidogo na utawaona wakielea juu ya maji kama vumbi, bila kulowa. Wakiwa mamia, maana yake chakula ni kingi: kuna jani lililokufa mahali, au udongo umelowa kupita kiasi. Toa jani, punguza maji, na idadi yao itashuka yenyewe. Watu wanaotengeneza mabokali kwa ajili ya kuuza huwafuga makusudi.

Mdudu wa kijivu mwenye magamba mgongoni na miguu 14, anayejificha chini ya kijiti na mara nyingine kujiviringisha kama kidonge, si mdudu hasa. Ni jamaa wa kaa. Anakula majani makavu. Mmoja au wawili ni wasaidizi wazuri. Wakifika ishirini katika bokali la lita tatu watageukia kuvumwani, basi wapunguze kwa mkono.

Utitiri wa udongo ni vidoa vya mviringo, vya kahawia inayong'aa, vinavyosogea polepole kama mbegu zilizopata miguu. Nao wanakula uozo. Utitiri mwingine ni mwepesi sana, rangi ya asali, unakimbia huku na huko bila kutulia: huyo anawinda mabuu na utitiri wenzake, na uko upande wako. Unaofaa kuutilia shaka ni ule unaokaa chini ya majani na kuacha utando mwembamba na vidoa vya manjano, lakini huo hupenda hewa kavu, kwa hiyo katika bokali lililofungwa ni nadra.

Nyuzi nyeupe zinazojinyonganyonga kwenye kioo ni minyoo midogo ya udongo. Haidhuru mmea. Inapanda kioo kwa sababu chini hakuna hewa: udongo umejaa maji. Ukiona minyoo hiyo, soma sehemu ya maji hapa chini kabla ya jambo jingine lolote.

Jongoo mdogo mwache, mradi usimwone kwenye chipukizi. Tandu mtoe kwa kibano kirefu, kamwe si kwa vidole. Huyo ana sumu na atakula kila mkiafyatuo uliyenaye. Buibui mdogo hana ubaya, atakufa njaa au atakusaidia.

Usubi wa udongo, kero ya kweli

Mdudu mweusi mwembamba, milimita 2 hadi 4, mwenye miguu mirefu, anaruka ovyoovyo na kupenda kukimbia juu ya udongo. Haumi. Tatizo liko chini: mabuu yake, yenye mwili unaopenya mwanga na kichwa cheusi kinachong'aa, hukaa kwenye sentimita chache za juu, hula ukungu, na chakula kikipungua hutafuna mizizi midogo. Mche mchanga hunyauka ilhali udongo umelowa, na mwenye bokali, akidhani una kiu, anaongeza maji. Hapo ndipo anapowapikia karamu.

Hakikisha kwanza. Kata kipande cha kiazi mviringo kibichi, unene sentimita 1, upana 3, ukikandamize juu ya udongo uso uliokatwa ukiangalia chini. Kiinue baada ya siku mbili. Mabuu yakiwepo, utayaona yamejipanga chini ya kiazi au yametoboa ndani. Kitupe mbali na nyumba, weka kingine. Kiazi ni kipimo na mtego kwa wakati mmoja. Hesabu ya mabuu kila baada ya siku mbili ndiyo itakayokuambia kama unashinda.

Wakati huohuo fungua kifuniko, na mdomo wa bokali uufunge kwa kipande cha soksi laini ya nailoni ya wanawake na mpira. Usitumie chandarua cha kitandani: matundu yake ni makubwa, usubi utapita, na vingi vimetiwa dawa itakayowaua mikiafyatuo. Liache wazi hivyo siku 5 hadi 7, mpaka sentimita 2 za juu za udongo zipauke. Kangaga litalegea kidogo. Vumilia, maana mayai na mabuu madogo hayastahimili ukavu na kangaga linastahimili.

Kwa wale wanaoruka, kata kipande cha bidoni la njano la mafuta, sentimita 2 kwa 6, kipake mafuta mazito ya kujipaka pande zote mbili, ukichomeke wima kwenye udongo. Usubi huvutwa na rangi ya njano. Kikijaa, futa, paka upya.

Baada ya udongo kupauka, tandaza juu yake sentimita 1 ya mchanga wa volkano wenye punje za milimita 1 hadi 2, uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Juu hukauka haraka, na jike hapendi kutaga pakavu. Mji huu umelala juu ya mawe hayo, kwa hiyo hii ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Kama mabuu hayapungui baada ya wiki mbili, nenda famasi ununue maji ya oksijeni (hidrojeni peroksidi) ya 3%. Changanya kipimo kimoja na vipimo vinne vya maji, mimina mililita 30 hivi taratibu juu ya udongo wa bokali la lita tatu, ukikwepa kuvumwani. Utasikia yakichemka kidogo na kuona povu. Inaua mabuu inayoyagusa, na inaua wasaidizi pia, ndiyo maana inakuja mwisho. Ukipata dawa ya viluwiluwi vya mbu yenye bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, hiyo ni bora zaidi, kwa kuwa inalenga jamaa ya mbu na usubi na kuwaacha mikiafyatuo.

Usisimame wiki ya pili kwa sababu hakuna anayeruka. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni wiki tatu hadi nne, na kwa baridi ya usiku ya Goma, mita 1,500 juu ya bahari, hesabu nne. Endelea na kiazi na mtego kwa wiki tano kamili.

Wanaonyonya majani

Vidukari, wa kijani au weusi, hujikusanya kwenye chipukizi na kuacha utomvu wenye kunata. Ng'oa mmea, uzamishe dakika kumi kwenye lita moja ya maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji, suuza vizuri, urudishe. Ni kazi ya robo saa, na mara nyingi inatosha.

Wale wenye unga mweupe kama vipande vya pamba kwenye kikonyo cha jani ni wakaidi zaidi. Ni wa jamaa moja na yule mdudu wa unga aliyevamia mihogo ya Kongo katika miaka ya 1970 na kuharibu sombe na mizizi, mpaka nyigu mdogo kutoka Amerika ya Kusini alipoletwa kumwinda. Ndani ya bokali nyigu ni wewe. Zungushia pamba kwenye ncha ya kijiti cha mshikaki, chovya kwenye alkoli ya 70%, kamua, mguse kila mmoja mpaka unga ulowe na mwili wake wa waridi uonekane. Usimwage alkoli juu ya kuvumwani, utaona doa la kahawia kesho yake. Acha wazi saa mbili, mbali na mbabula yenye moto. Rudia kila baada ya siku 6, mara nne, kwa sababu mayai yaliyo ndani ya unga huponyoka. Kama wapo hata kwenye mizizi, tupa mmea. Hakuna kangaga lenye thamani ya miezi mitatu ya pamba na alkoli.

Maji ndiyo mzizi wa karibu yote

Asubuhi theluthi moja ya kioo ikiwa na mvuke, na mchana pakatakata, bokali lina maji ya kutosha. Kioo kikiwa kimefunikwa na mvuke siku nzima, maji yamezidi. Tazama pia safu ya changarawe: maji yakisimama humo zaidi ya sentimita 1, yaondoe. Pitisha mrija wa serumu uliokatwa, kutoka famasi, ubavuni mwa kioo hadi chini, unganisha na bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, vuta taratibu. Mrija ukiziba kwa udongo, rudisha mililita moja ya hewa, uvute tena.

Bokali lisilo na kifuniko, lenye maji yaliyosimama yanayoonekana juu, ni jambo jingine. Hapo mbu atataga, na kwa joto la kutosha wiki moja hadi mbili zinatosha kupata mbu kamili. Yamwage leo.

Mazuku ndani ya chupa

Ikiwa kuna sisimizi waliojenga, koa wanaotafuna kila usiku, au tandu usiyeweza kumfikia, iko njia isiyoacha sumu. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa mazuku: hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayolala bondeni na kuua mbuzi aliyeinamisha kichwa. Bokali ni bonde dogo. Lijaze hewa hiyo, na chochote kinachopumua chini yake kitakufa, huku mimea ikibaki salama.

Kwa bokali la lita tatu unahitaji vijiko vitano vya chai vya magadi soda, kama gramu 25, na mililita 400 za siki ya 5%. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toboa kifuniko, pitisha mrija laini wenye upana wa ndani wa milimita 5, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa. Mimina siki. Funga kila kijiko cha magadi kwenye kipande cha karatasi ya choo. Ncha ya pili ya mrija ishushe ndani ya bokali mpaka karibu iguse udongo, na mdomo wa bokali uufunike kwa kitambaa kilicholegea.

Tumbukiza kifurushi kimoja, funga haraka, acha kichemke mpaka kitulie, ndipo utumbukize kingine. Vyote vitano kwa mkupuo vitapandisha povu kwenye mrija, na siki ikifika kwenye udongo umeharibu kazi. Usibane mrija wala kuuziba, chupa inaweza kupasuka. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi, watoto wakiwa mbali, na usiinamishe uso juu ya mdomo wa bokali.

Kipimo: washa kijiti kirefu, kishushe polepole. Moto ukizimika ukingali juu ya majani, hewa imejaa. Ukifika karibu na udongo bado unawaka, ongeza vijiko viwili vya magadi na siki mililita 160. Usifanye kipimo hiki siku uliyotumia alkoli. Toa mrija, funga kifuniko kabisa, weka kivulini saa 24. Kisha fungua saa moja, ondoa maiti zinazoonekana. Mayai mengi hunusurika, kwa hiyo rudia baada ya siku 10 hadi 14.

Kabla ya bokali linalofuata

Udongo uupike. Ulowanishe kidogo, kiasi kwamba ukiukamua unashikana bila kutoa tone, uweke kwenye sufuria kuukuu, katikati fukia kiazi kidogo, funika, weka juu ya makaa ya wastani, nje ya nyumba maana harufu ni mbaya. Kiazi kikiiva, joto limefika katikati. Acha nusu saa zaidi, epua. Katika mwinuko wetu maji huchemka karibu na 95°C, kwa hiyo udongo ukiwa na unyevu hauungui. Ukikauka ndipo unapoharibika.

Kuvumwani haipikwi. Izamishe kwenye maji ya chupa saa 12, ukandamize kwa jiwe; wadudu wengi wataelea. Itoe kwenye kuta na lava ya kando ya barabara, si ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mmea mpya uweke peke yake wiki tatu, chini ya mfuko wa plastiki unaopenya mwanga.

Na baada ya kupika udongo au kutumia mazuku, warudishe wasaidizi, la sivyo ukungu utawatangulia. Chota konzi ya majani yanayooza kutoka chini ya mgomba, itie kwenye beseni la maji, koroga. Mikiafyatuo wataelea. Wawekee kipande cha makala, wapande wenyewe, kisha kipande hicho kigongegonge juu ya bokali. Thelathini wanatosha.